Je, Wajua? Sato Ni Mgeni, na Habari Nyingine za Waliokuja Kulisha Watu Ziwani

Mgeni akishuka Mwanza, kabla hajauliza bei ya chumba, ataulizwa kama ameshakula sato. Ni haki ya watu wa Mwanza kujivuna. Mji uliokaa juu ya miamba na kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika una samaki wa kujivunia. Lakini ukichungulia historia ya kilichomo sahanini unakutana na wageni watupu: samaki waliomwagwa kwa ndoo, wavulana walioteremka kwenye majahazi, sukari iliyoanzia kwenye kaunta ya duka. Tumekuchagulia baadhi yao.

Sato wa Mwanza asili yake si Mwanza

Ndiyo, huyohuyo anayechomwa na kuletwa na ugali, ndimu na pilipili. Sato tunayemla leo aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, kwa sababu samaki mwenyeji aliyependwa zaidi alikuwa ameanza kuadimika. Mwenyeji huyo ni ngege. Wazee wa pwani ya ziwa bado wanamtaja kwa hamu, na ukimpata mmoja anayekumbuka ladha yake, mpe kiti akae, maana atazungumza mpaka jua litue.

Sangara naye? Mgeni pia. Katika samaki watatu wanaoibeba biashara ya ziwa leo, mwenye kwao hasa ni yule mdogo kuliko wote, dagaa.

Nyavu za Mnorwei

Ngege hakuisha kwa bahati mbaya. Mwaka 1905 Mnorwei aliyeitwa Aarup alileta nyavu za makila katika ghuba ya upande wa Kisumu, na katika muda usiozidi miaka ishirini na kitu watafiti walikuwa tayari wanaandika kwamba samaki wamepungua. Kabla ya hapo watu walivua kwa mitego ya matete, migono na ndoano, vifaa vinavyompa samaki nafasi ya kufikiri.

Miaka 12, 13 na 14

Sasa tuwaache samaki tuje kwa watu, na hapa ndipo nilipojikuna kichwa. Matajiri watatu waliojenga biashara kubwa za vyakula katika nchi za ziwa hili waliwasili Afrika Mashariki wakiwa na umri unaopangika kama ngazi. Allidina Visram alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa na miaka 12. Nanji Kalidas Mehta aliondoka kwao karibu na Porbandar akiwa na miaka 13. Muljibhai Madhvani aliingia Uganda mwaka 1908 akiwa na miaka 14. Wote watatu walitoka upande mmoja wa India, Kutch na Kathiawar, sehemu ambazo leo zimo katika jimbo la Gujarat.

Mtoto wa miaka 12 siku hizi yuko darasa la sita na bado anatumwa dukani. Hawa walikuja kukaa nyuma ya kaunta. Haikuwa ujasiri wa pekee bali utaratibu: Kutch ni nchi kame, mvua ikikosa njaa inabisha hodi, na pepo za kaskazi zilikuwa zikileta majahazi pwani yetu kila mwaka. Ukiwa na ndugu au mtu wa kijijini kwenu Unguja, Bagamoyo au Mombasa, ulikuwa na pa kulala na pa kujifunza kazi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ukimaliza mafunzo tajiri wako alikupa bidhaa kwa mali kauli, ukaenda kufungua duka lako mahali ambapo hapakuwa na duka.

Jina la wodi

Watu wanaolazwa au kwenda kuwaona wagonjwa Muhimbili wanalijua jina la Sewahaji. Wachache wanajua kwamba Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897, alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuifungasha misafara: vitambaa, shanga, vyakula na wapagazi wa kwenda bara mpaka kwenye maziwa makuu. Mpelelezi Stanley alikuwa mteja wake. Sewa Haji alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali na shule, na miongoni mwa vijana waliojifunza biashara kwake alikuwamo yule mvulana wa miaka 12, Allidina.

Duka lililotembea pamoja na reli

Allidina Visram hakusubiri wateja wamfuate. Ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza Mombasa mwaka 1896, vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kwa miaka mitano ya kazi. Maelfu ya watu wanahitaji mchele, dengu, unga wa ngano na samli kila siku, na nyika ya Taru haina hata kimoja. Visram akapata kandarasi ya kuwauzia chakula. Kambi ikisogea mbele, duka nalo linasogea. Reli ikifika mahali pakawa na stesheni, duka linabaki hapo na lingine linafunguliwa mbele zaidi. Miji kadhaa ya Kenya na Uganda, ukifukua chini ya historia yake, utakuta duka lake likiwa miongoni mwa maduka ya kwanza.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, karibu kilomita 940 kutoka baharini. Mwingine angesema safari imekwisha, maana mbele ni maji. Yeye akaweka majahazi ziwani. Akawa na matawi kwa makumi, akanunua pembe za ndovu mpaka akaitwa mfalme wa pembe, lakini linalonivutia mimi ni orodha ya viwanda vyake: mafuta ya ufuta, soda, samani, kuchambua pamba. Wakati wenzake wengi wa zama zile walikuwa wakisafirisha mali ghafi na kurudisha bidhaa za Ulaya, yeye alikuwa anakamua ufuta wa hapahapa na kuwauzia watu wa hapahapa.

Alifariki mwaka 1916 baada ya kupata homa katika safari ya Kongo, na himaya yake haikudumu sana baada yake. Jina limebaki Mombasa, kwenye shule ya sekondari ya Allidina Visram iliyofunguliwa mwaka 1923 kwa fedha za mwanawe.

Karanga za Usukuma zilipita kwa Waingereza

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mzigo uliotoka Mwanza kwenda Ulaya haukupita Dar es Salaam. Mwanza ilikuwa ya Wajerumani, lakini reli ya Wajerumani ilikuwa bado mbali; basi karanga, ngozi na pamba za Wasukuma zilipakiwa melini, zikavuka ziwa hadi Kisumu na kupanda treni ya Waingereza kwenda Mombasa. Hebu fikiria uchungu wa gavana wa Kijerumani akihesabu nauli inayoingia mfuko wa jirani. Reli kutoka Tabora ilikuja kufika Mwanza mwaka 1928, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Wafanyabiashara wa Kihindi wala hawakubabaika kwa mabadiliko hayo: walikuwa na jamaa kwenye ncha zote mbili za njia.

Mvulana wa Bukene na mashine za unga

Ukipanda treni kutoka Tabora kwenda Mwanza utapita Bukene, stesheni ndogo ambayo abiria wengi huipita wakiwa usingizini. Hapo ndipo alipokulia Jayantilal Keshavji Chande, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928, mtoto wa mhamiaji kutoka Gujarat aliyekuwa na duka na biashara ya mazao palepale Bukene. Kutoka kwenye kaunta hiyo familia ilipanda hadi kumiliki mashine za kusaga nafaka, na jina la Chande likawa kubwa katika unga wa Tanganyika.

Kisha ikaja Februari 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5, na katika siku chache zilizofuata kampuni za kusaga nafaka zilitaifishwa, za Chande zikiwamo. Sehemu ya ajabu inaanza hapo. Nyerere hakumwambia afungashe. Alimtaka abaki kuviendesha viwanda vilevile, safari hii kwa niaba ya umma. Mtu aliyenyang'anywa mashine akawa meneja mkuu wa Shirika la Taifa la Usagishaji, lile ambalo watu wazima wa leo wanalikumbuka kwa herufi tatu: NMC. Angeweza kupanda ndege akaenda zake London, na wengi walifanya hivyo. Alikubali, na baadaye akakaa katika bodi za mashirika ya umma mengi, bandari na reli zikiwamo. Malkia wa Uingereza alimpa heshima, akajulikana kwa jina la Sir Andy, na kitabu cha maisha yake kimebeba jina la Bukene kwenye jalada. Alifariki mwaka 2017.

Nimejaribu kumtafutia mwenzake katika historia ya utaifishaji duniani. Bado natafuta.

Samaki mzito kama magunia mawili ya mahindi

Sangara aliyekomaa kabisa anaweza kufika kilo 200. Mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alishaonya mwaka 1929 kwamba kumtia ziwani samaki mkubwa anayekula wenzake lingekuwa jambo la hatari kubwa mno. Hata hivyo kuanzia mwaka 1954 sangara walimwagwa upande wa Uganda. Wakakaa kimya miaka mingi kama wanaosoma mazingira, halafu miaka ya 1980 wakalipuka. Ziwa lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, samaki wadogo wa rangirangi ambao hawapo kwingine kokote duniani, na inakadiriwa kuwa mamia ya aina hizo zimetoweka au karibu kutoweka.

Mnyama aliyeharibu hivyo ndiye aliyeleta ajira. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800, yaani Rwanda na Burundi zote mbili zingezama humo na maji yangebaki, na sehemu ya Tanzania ni kama nusu. Kwa hiyo sangara alipojaa, Mwanza ndiyo iliyojaa.

Minofu kwa Ulaya, pumzi kwa China

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilianza kuota ufukweni Mwanza, vingi vikiwa mali ya familia zenye asili ya India, baadhi zikiwa zimeishi Afrika Mashariki kwa vizazi. Mpango ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza: samaki avuliwe usiku, awekwe kwenye barafu, achunwe, akatwe minofu, apimwe, na afike Ulaya akiwa bado anang'aa. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango zaidi ya mara moja kati ya 1997 na 1999, mara kwa hofu ya vijidudu, mara kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Waliobaki kwenye biashara ni wale waliojenga maabara, wakavaa makoti meupe na kubadilisha mialo. Ni biashara ya samaki, lakini inaendeshwa kwa nidhamu ya hospitali.

Kwa samaki mmoja kuna masoko matatu. Minofu inapanda ndege. Kichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki Mwanza, hukaangwa na kuuzwa kwa wenye mfuko mwembamba. Na lile bondo, mfuko wa hewa tumboni ambao zamani ulitupwa, hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong kupikiwa supu ya heshima. Kilo moja ya bondo kavu ina thamani kubwa kuliko kilo ya mnofu wenyewe kwa mbali sana. Fundi anayempasua sangara leo anatafuta kwanza kilichotupwa jana.

Mpiga filamu wa Austria, Hubert Sauper, alitengeneza filamu kuhusu biashara hii mwaka 2004. Ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Wanaoipenda na wanaoichukia wanakubaliana jambo moja: mapanki yamepigwa picha vizuri.

Soko la lugha zote

Dagaa, yule mwenyeji mdogo, anawavuta wageni wake mwenyewe. Huvuliwa usiku usio na mbalamwezi kwa mwanga wa taa, zamani karabai, sasa taa za betri na za jua, kisha huanikwa. Pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki wakavu lililo ndani ya jiji, utakuta wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wakibishania gunia kwa Kiswahili cha lafudhi nne tofauti.

Kiwanda cha sukari kinachowasha taa

Turudi kwa wale wavulana wa miaka 13 na 14. Nanji Kalidas Mehta aliuza rejareja, akaingia kwenye pamba, na mwaka 1924 akawasha kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Muljibhai Madhvani alianza kwenye duka la jamaa zake Iganga, akanunua ardhi Kakira karibu na Jinja, na mwaka 1930, dunia nzima ikiwa kwenye mdororo wa uchumi, akafungua cha kwake. Duka la vijijini lilikuwa shule nzuri kwa kazi hiyo. Mwenye duka anajua kitu gani huisha kwanza rafuni, na kilichokuwa kikiisha kilikuwa sukari.

Leo Kakira huchoma makapi ya miwa, yale yanayobaki baada ya kukamuliwa, na kuzalisha umeme wa megawati zaidi ya 50. Sehemu hutumika kiwandani na nyingine huuzwa kwenye gridi ya taifa la Uganda, kwa hiyo wapo watu Jinja wanaochemsha chai kwa muwa na kuitia utamu kwa muwa.

Siku 90

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Manubhai Madhvani, mwana wa Muljibhai, alitiwa katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kuachwa aende uhamishoni. Kakira na Lugazi zikafifia hadi karibu kuzimika, na nchi yenye mashamba makubwa ya miwa ikawa nchi ya kupanga foleni ya sukari. Miaka ya 1980 familia zote mbili ziliitwa tena. Zilikuta magugu na mitambo iliyoota kutu, na zikaanza upya mahali palepale.

Sambusa za jikoni na mchele wa wakimbizi

Chupa za achari na viungo vya Patak's zilizo kwenye rafu za maduka ya Uingereza zina mizizi Kenya. Lakhubhai Pathak, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Kenya, alihamia Uingereza mwaka 1956 na mkewe na watoto, kazi ya kwanza aliyopata ikiwa kuzibua mifereji ya maji machafu. Wakaanza kukaanga sambusa na kupika vitamu jikoni kwao London, watoto wakizisambaza kwa basi. Walipofika wakimbizi wa Amin mwaka 1972 wakiwa kambini na hamu ya chakula cha nyumbani, kampuni hii ndiyo iliyopata kazi ya kuwapelekea. Mwaka 2007 ilinunuliwa na Associated British Foods.

Katika wimbi hilohilo la 1972 walikuwamo akina Thakrar. Waliona wenzao wanatafuta basmati na hawaipati, wakaanza kuiagiza. Jina la mchele wao ni Tilda. Mwaka 2014 kampuni hiyo iliuzwa kwa Wamarekani kwa dola milioni 357 hivi. Ni hesabu ileile ya Allidina kwenye nyika ya Taru, ila vibarua wa reli wamebadilishwa na wakimbizi wenye masweta.

Sukari mbili, nyota wawili

Hii tumeiweka mwisho kwa ajili ya wale waliokulia kwenye mabanda ya filamu za Kihindi. Mumtaz, yule wa enzi za Rajesh Khanna, aliolewa mwaka 1974 na Mayur Madhvani, mwana wa Muljibhai wa Kakira. Juhi Chawla, mrembo wa India wa mwaka 1984, ni mke wa Jay Mehta, mjukuu wa Nanji Kalidas wa Lugazi. Familia mbili za sukari za Uganda, umbali wa safari fupi ya gari, na kila moja ikapata nyota wake kutoka Bombay.

Mumtaz alifunga ndoa mwaka uleule alioonekana na Khanna katika filamu iitwayo Roti, yaani chapati. Mwaka mmoja, chapati na sukari. Kilichokosekana ni chai tu.